Zege la kiwandani: nimbane muuzaji kwa maswali gani kabla sijatoa hela?

MjengoMpya

Wakuu, habari za humu. Nimefikia slabu ya ghorofa ya kwanza, na mhandisi kakataa katakata zege la kuchanganyia chini kwa koleo. Anataka la kiwandani, lije na lori la mikisa, lipandishwe kwa pampu. Slabu ni mita 14 kwa 9, unene sentimita 15, na boriti zinakula kama mita 4 za ujazo. Kwenye mchoro kaandika C25/30 (daraja la nguvu ya zege), slampu 100 (kipimo cha ulaini wake, kwa milimita).

Nimepata wauzaji watatu. Wa kwanza bei yake iko chini kuliko wenzake, ila kila nikimuuliza kitu jibu ni "usijali bosi, zege letu kali". Wa pili ana maabara yake na malori 5, lakini kiwanda kiko mwendo wa dakika 50. Wa tatu yuko karibu, dakika 15 tu, ana malori 2. Malori yote yanabeba mita 6 za ujazo. Nimchukue yupi?

MzeeKoleo

Malori ya nini kijana? Kodi mikisa mbili, tafuta vijana wenye nguvu, jioni mmemaliza. Sisi tumejenga hivyo miaka yote.

Timazi

Mzee wangu shikamoo. Kwa msingi na jamvi la chini sina ubishi na wewe. Ila hii ni slabu ya juu, na mhandisi ndiye anayesaini. Tumsaidie kijana kwa alichoambiwa.

MjengoMpya, mimi kazi yangu ni kusimamia saiti, na swali ninaloanza nalo siku zote ni moja: lori la pili litafika dakika ngapi baada ya la kwanza? Bei naiuliza mwisho.

Chukua karatasi upige hesabu ya mzunguko. Kupakia dakika 15, safari, kumwaga kwa pampu kama 25, kuosha 10, kisha kurudi. Yule wa mbali: 15 + 50 + 25 + 10 + 50, hizo ni 150. Gawa kwa malori 5, unapata lori kila dakika 30. Yule wa karibu: 15 + 15 + 25 + 10 + 15, jumla 80. Gawa kwa malori 2, ni lori kila dakika 40. Kumbe huyu wa karibu hayuko mbele kama ulivyodhani. Halafu lori lake moja likipasuka tairi unasubiri dakika 80, na zege la kwanza limeshaanza kushika juani. Ukimwagia jipya juu ya lililoshika, hapo katikati unabaki na mstari ambao hauungani vizuri, na ndiko maji ya mvua yatakakopita.

Wa mbali naye ana shida yake. Kanuni iliyozoeleka ni kwamba zege liwe limeshamwagwa ndani ya dakika 90 tangu maji yakutane na saruji. Safari 50, kumwaga 25, umebakiwa na 15 za kupakia, foleni, pampu kuziba na mafundi kubishana. Kwa hiyo muulize: mnatia kemikali ya kuchelewesha kushika? Kiasi gani, na nani anaamua? Akikujibu bila kutafuta maneno, endelea naye. Na umwage alfajiri, kabla jua halijawa kali na barabara haijajaa.

La pili ni hiyo C25/30. Namba ya kwanza ni nguvu ya zege, kwa Megapaskali, likipimwa kwa sampuli ya silinda, ya pili likipimwa kwa kyubu, yaani sampuli ya mchemraba. Wapo wauzaji wanaoandika "25" peke yake. Ukimbana unagundua ni 25 ya kyubu, yaani C20/25, daraja moja chini ya ulichoagiza. Huyo wako wa bei rahisi ningemwanzia hapohapo. Mwambie aandike kwenye nukuu ya bei namba zote mbili, slampu, ukubwa wa kokoto na aina ya saruji. Akiendelea na "zege letu kali", mshukuru, agana naye.

La tatu maji, na hapa ndipo zege zuri linapoharibiwa mchana kweupe. Lori limefika, zege liko zito kidogo, fundi anapiga kelele "ongeza maji!", dereva anafungua mpira. Makisio tunayotumia ni kwamba lita 5 kwa kila mita ya ujazo zinapandisha slampu kama milimita 25 na kukuondolea kama Megapaskali 1 hadi 1.5 ya nguvu. Kwenye lori la mita 6 hizo ni lita 30 tu, ndoo moja na nusu. Mpira ukiachwa wazi huku watu wanapiga soga, lita 30 hazichukui muda. Mtafiti wa zege Duff Abrams alishaonyesha kule Chicago mwaka 1918 kwamba nguvu ya zege inafuata uwiano wa maji na saruji, na mpaka leo kuna fundi anayekwambia maji "yatakauka tu".

Muuzaji mzuri anakwambia mapema: maji yakiongezwa saiti, yanaandikwa kwenye karatasi ya mzigo na aliyeagiza anasaini. Wengine wanakukera kwa kusema wakiona mpira umefunguliwa kwa amri yako, dhamana yao imekufa. Mimi hao nawapenda.

DerevaNgoma

Timazi kasema kweli, niongeze la upande wetu tunaoendesha. Tukimaliza kumwaga tunaosha ngoma, lile pipa la lori linalozunguka, na kuna maji yanabaki ndani. Kabla ya kupakia mzigo mwingine ngoma inatakiwa izungushwe kinyume mpaka yatoke yote. Siku ya haraka kuna anayepita moja kwa moja chini ya mtambo, na hayo maji hayaonekani kwenye karatasi yoyote. Ukitembelea kiwanda simama sehemu ya kupakilia uangalie malori mawili matatu. Usiwaambie unaangalia nini.

Na kama kemikali ya kulainisha imetiwa saiti, usikubali dereva aanze kumwaga palepale. Ngoma izunguke kwa kasi, dakika moja kwa kila mita ya ujazo, isipungue dakika 5.

BintiMaabara

Niongezee upande wa vipimo. Muuzaji akikupa cheti cha kyubu, kumbuka hicho ni cha zege la mtu mwingine. Mwombe matokeo ya miezi ya karibuni ya daraja hilohilo, kisha usitazame wastani, tazama yanavyotawanyika. Kwa C25/30, mwenye 36, 39, 37, 38 anajua anachofanya. Mwenye 47, 29, 44, 31 ana wastani mzuri tu, ila mchanga wake unaingia mbichi leo na mkavu kesho na hakuna anayerekebisha maji. Na zikiwa zote 35.0 mstari mzima, hizo zimeandikwa mezani.

Kyubu zako tengeneza mwenyewe pale saiti, za milimita 150, kutoka katikati ya mzigo. Zege la mwanzo wa lori na la mwisho havikupi picha ya kweli. Ziache zitulie siku nzima kwenye kivuli bila kuguswa, kisha ziende kwenye maji ya maabara. Siku ya 7 tegemea kama theluthi mbili ya nguvu ya siku ya 28, kwa hiyo kyubu ikisoma 20 usipige mayowe.

MjengoMpya

Asanteni sana wakuu. Wa kwanza nimempigia sasa hivi kumuuliza 25 ya nini. Kasema "ni 25 ya kawaida". Nimemfuta. Sasa kati ya hawa wawili? Na niagize mita ngapi?

Timazi

Haha, "ya kawaida"! Nenda kwa wa pili, ila usimpe slabu kwanza. Una sakafu ya gereji au njia ya gari? Mpe hiyo, lori moja. Hapo utaona kama anafika saa aliyosema, kama karatasi ya mzigo ina saa ya kupakia, na kama anakasirika ukitoa koni ya slampu. Koni yenyewe ni kitu kidogo, kimo milimita 300, unajaza tabaka tatu, kila moja unasindilia mara 25 kwa nondo, unainua taratibu na kupima limeshuka kiasi gani. Ikisoma 180 wakati uliagiza 100, lori linarudi. Mkubaliane hilo kwa maandishi kabla, maana siku yenyewe pampu inanguruma na kila mtu ana haraka, utaona aibu kumrudisha mtu.

Kiasi: una 23, ongeza ya kumwagika na ya kubaki kwenye bomba la pampu, ni 24 na zaidi kidogo. Agiza malori 3 kamili, yaani mita 18. Likianza kumwagwa la tatu, pimeni eneo lililobaki kwa futi, pigeni simu ya kiasi cha kumalizia. Muuzaji aliyezoea kazi atakubali, ila kwa dakika zake 50 simu hiyo isichelewe. Na ule uji wa saruji wa kulainishia bomba mwanzoni umwagwe pembeni. Vijana wakiachwa wanauelekeza kwenye boriti.

Kingine, muulize lori likisubiri saiti kwa kosa lako analitoza kuanzia dakika ya ngapi. Kwenye nukuu mara nyingi iko chini kabisa, kwa herufi ndogo.