Mjadala: Je, unabii kuhusu Masihi ufundishwe shuleni kama imani ya Wakristo au kama jambo lililokwisha kuthibitishwa?

Mleta mada
Katika mtaala wa 8-4-4 nchini Kenya, Elimu ya Dini ya Kikristo ya Kidato cha Pili ilianza na unabii wa Agano la Kale kuhusu Masihi: ahadi ya nabii Nathani kwa Mfalme Daudi, kisha Isaya, Yeremia, Mika na Zaburi, ndipo wanafunzi wakaingia katika Injili ya Luka. Naona mpangilio huo ulimzoesha mtoto kuoanisha aya na aya, unabii huku na utimilifu kule, bila kumweleza kwamba kuoanisha huko ndiko imani yenyewe. Ahadi ya Nathani katika 2 Samweli 7 inamhusu kwanza mwana wa Daudi atakayejenga nyumba ya Mungu, yaani Sulemani, na inaongeza kwamba akitenda maovu ataadhibiwa, maneno yasiyomwelekea Yesu kwa urahisi. Isaya 7 nayo, ambamo Wakristo huona kuzaliwa kwa Yesu na bikira, ilinenwa wakati Mfalme Ahazi wa Yuda alipokuwa akiwahofu wafalme wawili, Resini wa Shamu (Siria) na Peka wa Israeli. Mwalimu akiyaruka hayo, mtoto atafaulu mtihani, lakini hatakuwa na jibu atakapoulizwa kwa nini Wayahudi, wenye maandiko hayo hayo, hawayasomi hivyo. Napendekeza mwalimu aseme wazi: Wakristo huisoma aya hii hivi, kwa sababu hii.

Mwalimu wa shule ya Jumapili
Ndugu mleta mada, mtoto wa miaka minane atafanya nini na vita vya Ahazi? Yeye anahitaji kwanza kuijua hadithi, na aijue kama yake. Ukimwambia kila mara kwamba "Wakristo huamini", wakati wazazi wake ni Wakristo na yeye amebatizwa, unamfanya mgeni nyumbani kwake. Isitoshe, usomaji huo haukubuniwa na watunga mitihani. Luka 24 inasimulia kwamba Yesu mwenyewe, akiwa njiani kwenda Emau, aliwaeleza wanafunzi wawili mambo yaliyomhusu katika maandiko yote, akianzia Musa na manabii.

Mzazi Mwislamu, Mombasa
Binti yangu alilisoma somo hilo kwa sababu shule yake haikuwa na mwalimu wa Elimu ya Dini ya Kiislamu. Jina la Masihi halikumsumbua hata kidogo, kwani Kurani, katika Sura ya Al Imran aya ya 45, inamwita Isa mwana wa Maryam kwa jina hilo, na kuzaliwa kwake bila baba tunakukubali. Tunapoachana ni kwenye umwilisho, yaani Mungu kufanyika mwanadamu. Kulijua fundisho hilo ni elimu, nami sina pingamizi. Kuliandika kana kwamba analikiri, ili apate alama, ni jambo jingine, na Katiba ya 2010, kifungu cha 32, inakataza mtu kushurutishwa kutenda kinyume cha imani yake.

Mleta mada
Mwalimu, hoja ya Emau ni nzito, ila naona inaniunga mkono. Wale wawili walikuwa wameyasikia maandiko hayo tangu utotoni, na bado hawakumwona Masihi wa namna hiyo ndani yake mpaka walipofafanuliwa baada ya ufufuo. Kwa hiyo Mkristo huanzia kwa Kristo mfufuka, kisha hurudi nyuma kwa Isaya. Kuhusu umri nakubaliana nawe: wadogo wasimuliwe kuzaliwa kwa Yesu, basi. Kanisa lenyewe lilifika Mtaguso wa Kalkedoni, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, mwaka 451 likiwa bado linatafuta maneno ya kueleza Uungu na ubinadamu wa Kristo, hivyo hakuna haja ya kumharakisha mtoto. Kanisani na nyumbani, mwite "Mwokozi wetu" bila wasiwasi. Darasani, ambamo binti wa mzazi wa Mombasa ameketi pia, swali liulize Wakristo wanaamini nini kuhusu umwilisho na kwa nini. Mtoto Mkristo na binti huyo wote wawili wanaweza kulijibu kwa ukweli, na msahihishaji akatoa alama bila kujali nani anasali wapi.