Jua linachoma nini, na ni kweli litakufa? Mtoto wangu halali

Mama wa Mukene, Lolwe

Hamjambo ndugu zangu. Naandika kutoka kisiwa cha Lolwe katika Ziwa Victoria, wilaya ya Namayingo, Uganda. Kazi yangu ni mukene, yaani dagaa wa ziwani: nanunua kwa wavuvi alfajiri, naanika, nafunga magunia, yanavuka kwenda bara. Bila jua sina biashara. Wiki ikiwa ya mawingu mukene huharibika, tunauza kwa wenye kuku kwa bei ya hasara. Kwa hiyo mkiona nauliza habari za jua, ujue ni mtu anayelitegemea kwa ada ya shule.

Binti yangu wa kidato cha pili amerudi likizo akasema wamefundishwa kwamba jua ni nyota, na kwamba litakufa. Mdogo wake, ana miaka saba, alilia usiku ule. Nilimwambia alale, Mungu analitunza. Asubuhi akaniuliza: likifa tutaanika wapi? Nikanyamaza.

Nisaidieni. Linachoma nini siku zote hizi bila kuisha? Na kama kweli litazimika, ni lini? Kuna jambo jingine pia. Wavuvi wetu hutoka usiku wa giza, maana mukene hufuata taa, na mwezi ukiwaka taa zao hazina nguvu. Wanaume hawa wanazijua nyota. Mzee mmoja kati yao anashikilia kwamba ile nyekundu iliyo karibu na zile tatu za mstari ilififia sana wakati korona inaanza kusikika, kisha ikarudi. Nyota inaweza kuugua ikapona?

Nataka maneno ninayoweza kumwambia mtoto.

Fundi Sola, Arua

Shikamoo Mama. Nafunga paneli huku West Nile, na wateja wananiuliza hilohilo: hii nguvu haiishi? Nawajibu kwamba jua lina umri wa miaka bilioni 4.6 na limebakiwa na kama bilioni 5. Betri yako itakufa kwanza, na paneli, na nyumba yenyewe. Mtoto alale. Hayo ya nyota nyekundu namwachia Mwalimu wa Tororo, najua atapita hapa.

Mwalimu wa Fizikia, Tororo

Nimepita. Mama, shikamoo, na pole kwa huyo mdogo. Swali lake ni zuri kuliko mengi ninayoulizwa darasani.

Jua haliungui kama kuni. Lingekuwa bonge la makaa ya mawe, lingekwisha katika miaka elfu chache tu. Ndani kabisa kuna joto la nyuzi milioni 15 hivi, na humo viini vya gesi ya hidrojeni hugongana na kuungana vikawa gesi nyingine, heli. Kila sekunde tani milioni 600 hivi za hidrojeni zinageuka heli, na katika hizo tani kama milioni 4 hazibaki kuwa kitu cha kupimwa kwenye mizani, zinatoka kuwa nguvu. Hiyo ndiyo inayokausha mukene wako. Uzito wa jua unalivuta lijikunje, na joto la ndani linalisukuma lisijikunje. Maisha yote ya nyota ni vuta nikuvute hiyo, tangu kuzaliwa mpaka siku upande mmoja unaposhindwa.

Mwambie binti yako kwamba aliyegundua kwamba nyota ni hidrojeni kwa sehemu kubwa alikuwa msichana wa miaka 25. Cecilia Payne, mwaka 1925, katika tasnifu yake huko Marekani. Mtaalamu mkubwa wa wakati ule, Henry Norris Russell, alimwambia haiwezekani, naye akalazimika kuandika kwamba matokeo yake karibu hakika si ya kweli. Miaka 4 baadaye Russell mwenyewe alifika palepale kwa njia nyingine na kukiri kwamba alikuwa sahihi. Nawasimulia wasichana wangu habari hii kila mwaka kabla ya kugusa hesabu yoyote.

Sasa jambo kubwa: kinachoamua umri wa nyota ni uzito wake. Mtu angedhani nyota kubwa, kwa kuwa ina hidrojeni nyingi, itadumu zaidi. Ni kinyume. Uzito ukizidi, kiini cha nyota, yaani sehemu yake ya katikati, hubanwa zaidi, joto hupanda, na hidrojeni huliwa kwa kasi ya kutisha. Umeziona karabai za wavuvi: inayopigwa pampu kupita kiasi hung'aa kuliko zote ziwani, lakini mafuta yake hayafiki alfajiri. Jua letu ni la wastani, ndiyo maana linapewa miaka bilioni 10 kwa jumla. Nyota yenye uzito wa mara 20 hivi hupata miaka milioni 10, pengine pungufu.

Na hapa ndipo ninapoomba usikilize, Mama, kwa sababu wewe una kitu ambacho sisi wa mjini tumepoteza: giza. Vitabu vya shule vina mchoro wa maisha ya nyota, mishale kutoka duara moja hadi jingine, na watoto wanaukariri kwa ajili ya mtihani. Inaniuma. Maana karibu hatua hizo zote ziko angani mwetu kwa wakati mmoja, katika kipande kimoja, na nyingi zinaonekana kwa macho matupu.

Toka na wanao usiku huu wa Desemba kama saa tatu, mgeukie mashariki. Zile tatu za mstari, mkanda wa Orion, zimesimama kimshazari, moja juu ya nyingine. Huku kwetu kwenye ikweta ndivyo zinavyochomoza. Fuateni mstari wake kwenda juu. Mtafika kwenye nyota ya rangi ya machungwa, Aldebaran. Endeleeni kidogo, mtaona kikundi kidogo kilichosongamana. Hicho ni Kilimia, ambacho watu wa pwani walikitazama kujua majira ya kulima. Nyota zake zilizaliwa pamoja miaka kama milioni 100 iliyopita, wakati dinosaria wangali duniani. Kwa umri wa nyota, hizo ni changa.

Mkitaka kuona zinazozaliwa sasa hivi, rudini kwenye zile tatu. Upande wake wa kulia kuna vijinyota vimejipanga, na katikati yake kuna doa kama ukungu. Si jicho lako lina kasoro. Ni wingu la gesi na vumbi, umbali wa miaka ya nuru kama 1,350 (mwaka wa nuru ni umbali ambao mwanga husafiri kwa mwaka mmoja), na ndani yake gesi inajikusanya na kuwasha nyota mpya.

Aldebaran ndiyo picha ya jua letu la kesho. Uzito wake haupishani sana na wa jua, lakini hidrojeni ya kiini imekwisha, nayo imevimba mpaka upana wake ni zaidi ya mara 40 ya jua, na uso wake umepoa ukawa mwekundu. Jitu jekundu, ndivyo tunavyoliita. Jua litafika huko baada ya miaka kama bilioni 5. Litaimeza Utaridi, litaimeza Zuhura, na huenda dunia pia. Kisha litamwaga tabaka zake za nje angani na kubakiza kiini kilichokufa, ukubwa wake kama dunia, kinachopoa polepole. Kibete cheupe.

Mnaweza kuona ya huko mbele pia, nusunusu. Kutoka kwenye zile tatu fuateni mstari kwenda chini: ile inayong'aa kuliko zote ni Sirius. Kando yake kuna kibete cheupe ambacho macho hayakifikii. Alvan Graham Clark alikiona mwaka 1862 akijaribu lenzi mpya. Uzito wake unakaribia wa jua zima, umebanwa ndani ya mpira usiozidi dunia hii. Zamani kilikuwa kikubwa kuliko Sirius, na ndiyo maana kikatangulia kufa.

Sasa mzee wako wa ziwani. Mpe heko kutoka kwangu, maana aliona kweli. Ile nyekundu upande wa kushoto wa zile tatu inaitwa Betelgeuse, na kuanzia mwishoni mwa 2019 hadi Februari 2020 ilififia kiasi cha kuonekana kwa macho. Dunia nzima ya wanafalaki ilikesha. Ilikuwa imetema gesi, gesi ikapoa ikawa vumbi, vumbi likaziba mwanga wake upande wetu. Kwa hiyo haikuugua, lakini ni mzee kweli. Ingewekwa mahali pa jua, ingeifunika hata njia ya Mirihi. Ina umri wa miaka milioni 10 hivi tu, na tayari iko ukingoni.

Kijana wa Pakwach

Mwalimu, ongeza na hili. Tarehe 3 Novemba 2013 jua lilipatwa kabisa hapa kwetu Pakwach, jioni, kwa sekunde chache. Nilikuwa mdogo. Wageni walikuja kutoka kila pembe, hata Rais alikuwepo. Bibi yangu alikataa kutoka nyumbani, akisema jua likifa asilione. Giza lilipokuja, kuku walienda kulala. Mama, mtoto akiuliza, mwambie kupatwa ni mwezi unapita mbele ya jua, si kufa. Mimi nilichanganya mambo hayo mawili kwa muda mrefu kwa sababu hakuna aliyenieleza.

Mama wa Mukene, Lolwe

Mungu awabariki. Jana usiku tulitoka wote, hata majirani. Kilimia tumekiona, na lile doa la ukungu tumeliona, mdogo ndiye aliyeliona kwanza. Mzee wa nyota nyekundu nimempelekea salamu za Mwalimu, amefurahi sana, anasema wenzake walimbishia miaka yote hii.

Sasa binti anauliza: hiyo Betelgeuse ikifa nayo itakuwa kibete cheupe? Na mimi nauliza: itatudhuru?

Mwalimu wa Fizikia, Tororo

Haitakuwa kibete, binti yangu. Mwaka 1930 kijana Mhindi wa miaka 19, Subrahmanyan Chandrasekhar, alipiga hesabu akiwa melini kwenda Uingereza kusoma, akaona kwamba kuna uzito ambao kibete cheupe hakiwezi kuuzidi; leo tunajua ni mara 1.4 hivi ya jua. Zaidi ya hapo hakijibebi. Alipingwa hadharani na wakubwa, na alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1983.

Nyota nzito huendelea kuunganisha: heli inakuwa kaboni, kisha oksijeni, mpaka chuma. Na kasi inaongezeka. Nyota ya uzito wa mara 25 ya jua hula hidrojeni kwa miaka milioni kadhaa, lakini silikoni, hatua ya mwisho, huisha kwa siku moja hivi. Chuma hakitoi nguvu kikiunganishwa. Msukumo wa ndani unakoma, na kiini kinaporomoka kwa muda usiofika sekunde moja. Tabaka za nje zinalipuka. Hiyo ni supanova. Kinachobaki ni nyota ya nyutroni, uzito unaozidi wa jua ndani ya mpira ambao ungekaa kati ya Kampala na Mukono. Au shimo jeusi, ambalo hata mwanga hautoki, ikiwa kiini ni kizito zaidi.

Betelgeuse inakadiriwa kulipuka ndani ya miaka 100,000 ijayo. Iko mbali, mamia ya miaka ya nuru, kwa hiyo haitatudhuru. Itaonekana hata mchana.

Kwa yule mdogo, usimfiche jambo moja, kwa sababu atalisikia kwingine: jua linaongezeka ukali polepole, asilimia kama 10 kwa kila miaka bilioni, na wataalamu wanakadiria kwamba maji ya dunia yatakauka zamani kabla jua halijawa jitu. Lakini mweleze bilioni moja ni nini. Mtu akihesabu moja kila sekunde bila kulala, atamaliza baada ya karibu miaka 32.

Dada wa Kasese

Nami nina neno dogo kwa watoto. Chuma kilicho kwenye damu yao, na sehemu kubwa ya shaba ya milima yetu ya Kilembe, vilipikwa na nyota zilizokufa kabla jua halijazaliwa. Nyota zisingekufa, tusingekuwa na cha kuumbiwa.

Mama wa Mukene, Lolwe

Hilo la damu nimemsomea mdogo mara mbili. Binti ana swali la mwisho: mjomba wake ana darubini ya macho mawili, ya kutazamia ndege. Inafaa?

Mwalimu wa Fizikia, Tororo

Inafaa sana. Atakuta Kilimia kina nyota nyingi mno, na doa la ukungu litakuwa na umbo. Aegemeze viwiko kwenye ukuta au ukingo wa mtumbwi uliovutwa nchi kavu ili mikono isitetemeke. Mchana ifungiwe ndani, mdogo asiifikie: kutazama jua kwa darubini hata mara moja kunaweza kupofusha.