Mjadala: Panya wa maabara atatuambia nini kuhusu usonji?

Mkaa Umoja: Watafiti wanaharibu jeni moja ya panya, kwa mfano SHANK3. Panya anaanza kujiramba na kujikwaruza mpaka ngozi inachubuka, tena anawakwepa wenzake. Wanasema hiyo inafanana na usonji. Ni haki pesa ziendelee kumwagwa huko?

Mwalimu wa Buruburu: Ni haki. Nani atafungua ubongo wa mtoto aliye hai? Mwaka 2007 Adrian Bird na wenzake kule Uskochi waliiwasha tena jeni ya MECP2 waliyokuwa wameizima. Panya waliokuwa hoi wakapata nafuu.

Rongai Damu: MECP2 ni ya Rett, ugonjwa mwingine wa ubongo wa watoto, mwalimu, usituchanganyie. Na Fragile X je, ile hali ya kurithi ambayo mara nyingi huja na usonji? Kwa panya dawa ilifanya kazi vizuri, kwa binadamu ikagonga mwamba. Kampuni ya dawa ya Novartis wakaachana nayo 2014.

Mwalimu wa Buruburu: Kuchanganya? Nimefundisha biolojia miaka ishirini, kijana.

Baba Tonny: Porojo zote hizi za nini? Mtoto anaachiwa dada wa kazi na katuni kutwa nzima, akichelewa kuongea mnasingizia jeni.

Mama Zawadi: Baba Tonny, chunga ulimi. Zamani wataalamu wa saikolojia akina Bettelheim walisema usonji unaletwa na ubaridi wa mama, leo umehamia kwa dada. Wangu alikuwa akipanga vifuniko vya soda kwa rangi kabla hatujanunua hata TV.

Auntie K: Mimi ndiye huyo dada. Kileleshwa, mwaka wa sita. Niliona mimi kabla ya daktari: mtoto nikimwita hageuki, lakini sufuria ikianguka kwa jirani anaziba masikio. Nikamwambia mama yake, akanuna wiki mbili.

Baba Tonny: Sikukutaja wewe, dada. Nilisema kwa jumla.

Auntie K: Hiyo jumla ndiyo mimi.

Rongai Damu: 😂 Mzee amepatikana.

Mama Zawadi: Auntie, hao waajiri wamekuongeza mshahara tangu mtoto atambuliwe? Maana hiyo ni kazi mbili.

Auntie K: Waliniongezea majukumu.

Mkaa Umoja: Jamani, panya wangu?

Rongai Damu: Panya wako anabadilishiwa matandiko na kuna kamati ya maadili inayomtetea. Auntie, Jumapili unatoka?

Auntie K: Moja kwa mwezi. Na lazima nirudi kabla ya giza, kwa sababu nisipokuwepo mtoto hapati usingizi.