Kikundi cha ukoo: SINEMA YA IDI 🎬 UWANI KWA BIBI

ALHAMISI

Shangazi Rukia, 08:12
Asalaam aleikum jamaa. Nakumbusha kwa mara ya mwisho (ya jana haikuwa ya mwisho). Idi pili, baada ya Isha, uwani kwa Bibi. Projekta na spika nimepata kwa kijana wa Bombolulu, 4,000 usiku mzima. Ataka arbuni 2,000 LEO kabla ya saa kumi na moja jioni, la sivyo ampa mtu wa harusi. Kila nyumba 500. Mpaka sasa ametuma Twaha peke yake.

Shangazi Rukia, 08:14
Za kuonyeshwa ni hizi: Mind Your Language (kile kichekesho cha TV cha Waingereza, darasa la wageni wajifunzao Kiingereza) vipande viwili vya kufungulia, kisha The Gods Must Be Crazy, ile ya chupa, ya watoto, kisha Sholay, ya Kihindi, ya Bibi.

Omari, 08:41
Sholay yapita saa tatu shangazi. Idi tatu itatukuta hapo hapo mkekani

Shangazi Rukia, 08:41
Omari tuma 500

Omari, 08:42
Samahani elfu moja 🙏🏾🙏🏾

Ami Athmani (Maskati), 09:30
😂😂😂 Ranjeet!

Shangazi Rukia, 09:31
Athmani umeamka, vizuri. Wewe wa Maskati watoa 1,000

Ami Athmani (Maskati), 09:31
Mtandao huku si mzuri

Salma Leicester, 11:05
Shikamooni nyote. Shangazi, naomba Mind Your Language tuitoe. Baba Singh wa gereji umemwalika na jamaa zake. Utamkalisha mtu mbele na kilemba chake, halafu umwekee Ranjeet, yule Singasinga wa darasani, anainama na kusema samahani elfu moja?

Ami Shee, 11:20
Salma mwanangu, sisi tuliiangalia na huyo huyo Baba Singh. Alikuwa acheka kutushinda sisi.

Salma Leicester, 11:22
Alicheka, ndiyo ami. Angefanyaje, chumba kimejaa na kila Ranjeet akifungua mdomo nyote mwamgeukia yeye?

Ami Shee, 11:23
Ilikuwa mzaha. Zama zile watu hawakuwa na moyo wa karatasi.

Salma Leicester, 11:26
Hata huku ilikotengenezwa haikudumu. Ilianza 1977, na 1979 mkubwa wa vipindi pale televisheni ya London Weekend, Michael Grade, akaikata wakati watu bado waipenda. Aliona yawadhalilisha wageni. Hiyo ni 1979 ami, si maneno ya vijana wa leo.

Omari, 11:27
Ikakatwa London ikahamia Mombasa. Kama mitumba

Ami Athmani (Maskati), 11:40
Mtandao umerudi. Mimi nina neno. Darasa lile lina Mhindi, Mpakistani, Mchina, Mjapani, Mtaliano, Mgiriki, Mjerumani. Mwafrika katika wale wa kila wiki hayumo. Ndiyo maana sisi twacheka kwa raha zetu.

Omari, 11:41
Angekuwemo angeitwa Omari, amechelewa, na mkononi ana embe

Shangazi Rukia, 11:43
Arbuni jamani. Saa kumi na moja.

Hafswa, 12:10
Ami Athmani umesema kweli. Mwafrika yumo kwenye hiyo ya pili, na huko ndiko achekwako.

Shangazi Rukia, 12:11
Hafswa na wewe? Ile ya chupa ina ubaya gani? Gari lapanda mtini lenyewe, hata mtoto wa miaka minne acheka

Hafswa, 12:15
Gari mtini sina ugomvi nalo shangazi, nalipenda. Ni ile sauti ya msimulizi. Awaeleza Wasan wa Kalahari, watu wazima na watoto wao, kana kwamba atuonyesha ndege wa mwituni, "hawa hawajui mali, hawajui ugomvi". Na filamu yenyewe ni ya 1980, ya Mzungu wa Afrika Kusini enzi za makaburu, ikauzwa ulimwenguni kama filamu ya Botswana. Wakati huo huo jamaa zake N!xau, yule mwigizaji mkuu, kule Namibia wako chini ya jeshi la hao hao makaburu. Yeye malipo yake ya mwanzo husemwa yalikuwa dola mia chache, na filamu ikaingiza mamilioni.

Omari, 12:16
Basi ile arbuni tumpe N!xau

Hafswa, 12:16
Alifariki 2003.

Omari, 12:17
Allah. Kila nikitia mzaha nakutana na maiti

Salma Leicester, 12:20
Omari, na samahani elfu moja uiache. Wewe ndiye wa mwisho kuisema. Au nimwite mjukuu wa Baba Singh aje atukumbushe habari za kilemba?

Omari, 12:21
Nilikuwa darasa la sita

Salma Leicester, 12:21
Na yeye alikuwa la tatu.

Shangazi Rukia, 12:58
Watu wamesoma, hakuna anayejibu. Ishirini na moja mumo humu, nimewahesabu. Mtu akisoma na asitume namwandika jina.

Ami Shee, 13:15
Kwani mwalipa projekta ya nini? Kwangu Majengo kuna TV ya inchi 65, sebule imepigwa feni mbili. Njooni nyote. Bure.

Mama Leila, 13:49
Bure?

Mama Leila, 13:49
Siku hizi ni bure?

Shangazi Rukia, 13:50
Mama Leila, si leo. Tafadhali.

Ami Shee, 13:52
Wasema nini dada?

Mama Leila, 13:55
Nasema dirisha. Shilingi moja siku za kawaida, mbili siku ya Idi, na mkono wako umetangulia nje ya pazia. Mimi dadako. TV iliyonunuliwa na mahamri ya mama, akiamka saa tisa za usiku kukanda unga. Ukaoa, ikaenda nawe kama begi lako.

Ami Athmani (Maskati), 13:57
Mimi nililipa kwa korosho 😅

Ami Shee, 14:02
Leseni ilikuwa ikilipwa na nani? Antena ikianguka na kusi, aliyepanda kuinyoosha ni nani, huku nyinyi mko chini "hapo, hapo, hapana rudi"? Mwaikumbuka shilingi tu.

Mama Leila, 14:03
Shilingi twaikumbuka kwa kuwa tulikuwa hatuna.

Shangazi Rukia, 14:10
Sinema ni uwani kwa mama. Imekwisha. Sirudii. 500.

Twaha, 14:30
Huyo kijana apiga simu

Shangazi Rukia, 14:31
Mwambie naja

Salma Leicester, 14:44
Mimi sisemi tuzichome. Huku 2020 ilitokea hivyo hivyo. Filamu ya Gone with the Wind iliondolewa kwenye huduma moja ya Marekani, baadaye ikarudi na mtu wa kuieleza mwanzoni. Kipande kimoja cha kichekesho cha Fawlty Towers kilitolewa, kikarudishwa na onyo. Disney nao wakatia onyo kwenye Dumbo na Peter Pan. Sisi pia mtu mzima asimame kabla, aseme mawili matatu, watoto wasikie.

Omari, 14:46
Onyo: filamu hii ina ami yako ndani

Ami Athmani (Maskati), 14:50
Na kukata si mambo mapya. Sholay yenyewe 1975 ilikatwa ikiwa mbichi. Thakur alikuwa amuue Gabbar, yule jambazi, kwa viatu vya misumari, wakaguzi wa serikali ya India wakakataa, ndipo polisi wakaletwa pale mwisho kumkamata. Sisi tuliona ile ya polisi. Miaka yote nalalamika polisi wametoka wapi

Omari, 14:51
Polisi kufika mwisho hiyo si kukata, hiyo ni hali halisi

Shangazi Rukia, 15:20
Nimetoka gereji kwa Baba Singh. Nimemuuliza mwenyewe uso kwa uso, maana humu kila mtu ni wakili wake. Asema ataleta viti kumi. Asema Mind Your Language yeye hana neno, tuweke tu. Lakini mkewe haji.

Salma Leicester, 15:21
Kwa nini haji?

Shangazi Rukia, 15:22
Nimeuliza. Akaniuliza gari langu lina mlio gani siku hizi.

Salma Leicester, 15:22
Haya.

Ami Shee, 15:30
Yule mama hajambo? Pengine ni miguu tu.

Mama Leila, 15:31
Miguu. Sokoni kila asubuhi twaenda naye.

Shangazi Rukia, 15:35
Basi Mind Your Language naitoa. Twaanza na ile ya chupa, Hafswa asimame aeleze, DAKIKA MBILI Hafswa, si muhadhara. Kisha Sholay. Hiyo hakuna wa kuigusa, ni ya Bibi.

Hafswa, 15:52
Niko na Bibi. Nimemsomea yote tangu asubuhi. Anatuma sauti.

Hafswa, 15:58
🎤 Ujumbe wa sauti (2:41)

Ami Athmani (Maskati), 15:59
Niko kazini siwezi kufungua. Andika

Hafswa, 16:12
Nimeandika alivyosema:

"Rukia, ile Sholay usiseme ni yangu. Ilikuwa ya babenu. Alinipeleka sinema ya Regal, tukarudi tena, na tena. Akipenda pale Dharmendra yuko juu ya tangi la maji, amelewa, apiga kelele atajirusha mpaka mausi, yule mama mdogo wa Basanti, akubali amuoze. Sinema nzima yavunjika mbavu. Babenu acheka hadi machozi, anigeukia aniambia, waona, kama mimi. Na ni kweli alifanya. Halikuwa tangi, kilikuwa kisima cha pale msikitini. Alimwambia mamangu, nisipompata huyu najitia. Mamangu akaogopa damu ya mtoto wa watu, akasema mchukue. Mimi nilikuwa ndani nachambua mchele. Hakuna aliyeingia kuniuliza. Nilikuwa na miaka kumi na sita, na nilikuwa nataka kusoma ukunga. Sisemi alikuwa mbaya. Alikuwa mume mwema, Mungu amrehemu, na nyinyi nyote mwatokana na kisima kile. Lakini pale mimi nilikuwa sicheki. Nilikuwa namwangalia mausi. Wekeni mkitaka. Wakifika tangini nitakuwa jikoni. Mkifika kwa Gabbar niiteni, Gabbar nampenda."

Omari, 16:15
Ujumbe huu umefutwa

Ami Shee, 16:31
Mama hujapata kutuambia haya.

Hafswa, 16:33
Asema hamkupata kuuliza.

Mama Leila, 16:34
Mimi nilikuwa najua.

Ami Shee, 16:34
Ulijua tangu lini?

Mama Leila, 16:40
Tangu tulipokaa jikoni naye wakati nyinyi mko mbele ya TV.

Shangazi Rukia, 16:52
Nimelipa arbuni. 2,000 yangu mwenyewe, kijana alikuwa ashawasha pikipiki. Kwa hivyo mwanidai nini, hamnidai. Mimi ndiye nawadai.

Ami Athmani (Maskati), 17:05
Nimefungua sauti sasa. Nimeisikiza mara mbili.
Basi Sholay turuke pale tangini.

Salma Leicester, 17:06
Tusiruke ami. Ukiruka, watoto wataona mapenzi na pikipiki tu. Tangi liwekwe, na Bibi akipenda aseme mwenyewe.

Shangazi Rukia, 17:07
Mama asimame mbele ya watu na viti vya Baba Singh aeleze ya kisima? Salma umekaa Ulaya sana.

Salma Leicester, 17:07
Nimesema akipenda.

Hafswa, 17:09
Nimemuuliza. Asema atakata shauri akiona nani amekuja.

Omari, 17:15
Mimi naona tumuulize kwanza yeye ataka kuona nini. Wallahi sitanii. Siku zote twasema "ya Bibi, ya Bibi"

Shangazi Rukia, 17:16
Omari leo umesema. Hafswa?

Hafswa, 17:24
Asema Vioja Mahakamani, zile komedi za TV. Za kitambo.

Ami Shee, 17:25
Aa hizo safi, hizo hazina matata!

Hafswa, 17:31
Ami, ukizisikiza vizuri mara nyingi wachekwa wa bara kwa lafudhi zao. Na mke wa Twaha ni wa Kakamega.

Twaha, 17:33
Mke wangu azipenda

Salma Leicester, 17:33
Baba Singh naye alipenda 😐

Twaha, 17:34
Nitamuuliza tena. Nikiwa peke yangu naye

Shangazi Rukia, 17:40
Haya sikizeni. Projekta ipo. Uwa upo. Pilau yangu, mahamri ya Mama Leila, juisi ya ukwaju kwa Ami Shee. Ya chupa na maelezo ya Hafswa. Vioja tutaangalia tukipata. Sholay mimi nasema iwe tayari, na tukifika tangini mtu anitazame mimi, nitajua la kufanya hapo hapo.

Ami Athmani (Maskati), 17:41
Utajua vipi?

Shangazi Rukia, 17:41
Nitajua.

Twaha, 18:20
Kijana auliza, mwaja na flashi au apakue kwa intaneti? Kupakua ni 300 juu

Shangazi Rukia, 18:21
Flashi. Nani ana Sholay?

Ami Shee, 18:37
Mimi ninayo kwa kaseti. Ya deki. Nitatafuta mtu aihamishe.

Mama Leila, 18:38
Kaseti ya nani?

Shangazi Rukia, 18:38
Mama Leila 500

IJUMAA

Binamu Swaleh, 06:50
Nimetuma 500. Projekta ni ya nini?