Penati dakika ya 88 uwanja wa Gombani Pemba, wao wanatuonyesha basi linatafuta pa kuegesha

MtuWaKonde

Salamu baadae nikishapoa. Hawa jamaa wa king'amuzi mnawajua, sina haja ya kuwataja, toka Konde mpaka Mkoani kuna nyumba haijamalizwa hata kuezekwa lakini dishi lao lishafungwa ukutani linasubiri bati.

Leo wamenifanyia kitu ambacho adui yangu sijamuombea. Gombani. Dakika ya 88. Moja moja. Timu yetu ikishinda inabaki ligi kuu, ikitoka sare inashuka, tunarudi kucheza viwanja vya kando ya mihogo mpira ukitoka nje unautafuta na panga. Straika wetu kaingia kwenye boksi, beki kamfagia miguu yote miwili, refa wala hakusita, filimbi, kidole kwenye nukta. PENATI! Baraza zima limesimama, kahawa imemwagika hakuna alotizama, kijana kauweka mpira, kaufuta, karudi nyuma, kashika kiuno, kavuta pumzi, mie hapa sivuti hata kidogo, refa kapuliza, kijana kaanza kukimbia...

Basi.

Limetokea basi jamani. Basi la moja ya zile timu mbili za Kariakoo, Simba na Yanga, linaingia getini huko Dar kwa mechi ya saa moja usiku, na hapo saa kumi na mbili haijagonga! Hakuna mchezaji hata mmoja aloshuka. Basi limeingia, limesimama, likarudi rivasi, mlinzi anampungia dereva njoo njoo njoo kata kulia, na mtangazaji kwa furaha zake ati "naam watazamaji kikosi ndio kinawasili". Kinawasili! Na kijana wetu je, kapiga? Kafunga? Kapaisha? Mie naangalia tairi! Nimeliangalia lile tairi mpaka nalijua sasa, wallahi ukinipangia matairi mia nitakutolea lile.

Mzee wangu miguu haimchukui tena, mpira kwake umebaki huu wa TV, alicheza ujanani na kila mechi ya Gombani anavaa kofia yake nzuri na kukaa mbele. Kanishika mkono ananiuliza, "Kapiga?" Sijui baba. "Kapiga?" Sijui baba, kuna basi.

Na msinambie habari za Pemba mbali, gari la matangazo kulivusha kwa meli ghali, kamera ghali, mafundi walale hoteli. Mimi hayo nayajua. Lakini lishavuka! Kamera zilikuwepo Gombani, zilikuwa zinaangalia mpira ule ule, nauli ishalipwa, mafundi washakula pweza wetu washashiba, kilichobaki ni mtu mmoja kule chumbani kwao kuacha kidole chake kipumzike dakika moja asibonyeze. Hiyo dakika moja ndio imekuwa ghali? Ni mtu kakuwekea sinia la pilau ushanawa mikono ushasema bismillahi kisha kaliondosha anakuletea uangalie sufuria linavooshwa.

Januari 2025 Kombe la Mapinduzi zima lilichezwa hapo hapo Gombani. Usiku, taa zinawaka. Zanzibar Heroes wetu wakawafunga Kilimanjaro Stars wa bara moja bila, fainali wakawafunga Burkina Faso mbili moja. Burkina Faso wametoka kwao mpaka Chake na mpira umeonekana dunia nzima, leo mnambie Gombani haionyesheki?

Najua wanavochagua. Kuna mtu kakaa kwenye kiyoyozi ana skrini chungu nzima mbele yake, anatizama wapi watazamaji wengi na wapi mdhamini kalipia. Zile dakika za kabla ya mechi za Kariakoo zishauzwa, lile basi lina nembo ubavuni, penati yetu haina nembo. Ndo ilivo. Basi lenye nembo linaishinda penati isokuwa na nembo, hata kama ndani ya basi watu wamelala.

Halafu wachezaji wetu wakishavuka wakavaa jezi za huko ndio wanakuwa wazuri. Feisal Salum, Fei Toto, alitokea klabu ya JKU hapa hapa Zanzibar, nani alimuonyesha? Klabu yetu ya Mlandege kachukua Kombe la Mapinduzi 2023, 2024 karudia tena kamfunga Simba moja bila Amaan mbele ya kila mtu, bado ligi yetu inaonyeshwa kwa kuonewa huruma.

Dakika ya 88 jamani. Kijana keshaanza kukimbia. Yaani wangelikata kabla hajauweka mpira ningesema haya, hawajui mpira. Lakini wamesubiri mpaka kainua mguu!

KarafuuMbichi

Pole yakhe. Mie nilikuwa uwanjani jukwaa la jua. Kafunga, kipa kaenda kushoto mpira kulia. Mwambie mzee alale.

Wete_Ndio_Kwetu

@KarafuuMbichi muongo weye. Kagonga mwamba, mpira ukarudi, beki akautoa. Shemeji yangu alikuwa nyuma ya goli.

MtuWaKonde

Mnaona sasa? MNAONA? Watu wawili wa uwanjani wananipa matokeo mawili na TV ndo ilitakiwa itukate ubishi. Mzee hajalala bado, anauliza.

Mjukuu_wa_Ngambo

Nyie Wapemba mnapenda kulalamika. Mmeonyeshwa dakika 87 bure mnalia na moja. Sisi Unguja timu yetu ilicheza uwanja wa Mao wiki ile haikuonyeshwa hata sekunde, hata basi hatukuliona, nimefuatilia mpira kwa meseji za mtu ambae chaji ilimuishia dakika ya 60. Mpaka leo kwangu mechi ile ni sifuri sifuri.

MtuWaKonde

Dakika 87 bure? Kifurushi nimelipia mie! Na weye umekosa mpira, mie nimenyang'anywa mguuni. Haviwi sawa.

DeleDele

Basi lilikuwa la rangi gani?

MtuWaKonde

Inahusu nini rangi?

DeleDele

Inahusu sana. Kama la kijani na njano la Yanga mie nakata kifurushi leo hii, kama jekundu la Simba nawasamehe wamefanya jambo la maana.

Mwananchi_Mkoani

Hahaha Mnyama huyo kaja. Basi lenu lenyewe likiingia uwanjani hata mlinzi hashituki, mmezoea kuja kufungwa.

DeleDele

Fungwa na nani? Kaulizie 5-0 ya 2012 Simba tulivowafunga Yanga.

Mwananchi_Mkoani

2012?? Tuko wapi ndugu yangu, kaulizie 5-1 ya Novemba 2023 tulivowafunga nyie, ndio bado ya moto.

Maalim_Benchi

Tulieni vijana. Bwana wa Konde, nakuunga mkono lakini ujue mwenye kununua haki za matangazo ndie anaeamua kipi kiende hewani, na mechi mbili zikigongana muda lazima moja iumie. Si huku tu. Uingereza wenyewe walokuja na mpira wao, Jumamosi mechi za saa tisa alasiri hazionyeshwi moja kwa moja ndani ya nchi yao. Toka saa tisa kasorobo mpaka saa kumi na moja na robo ni marufuku, sheria ya toka miaka ya 60 ili watu waende viwanjani timu ndogo zisife. Sisi huku mechi hizo hizo tunaziona. Mtu wa Konde kakaa barazani anaiona Liverpool, mtu wa Liverpool mwenyewe asokuwa na tiketi haioni.

MtuWaKonde

Maalim heshima yako, nimesoma yote, sijaona basi hata mahali pamoja. Wale wamekatazwa toka mwanzo wanajua, mtu anajipangia shughuli zake. Mie nimeachiwa mpaka dakika ya 88! Na kwa kuwa umeleta Uingereza, Mei 2012, Man City na QPR, dakika za nyongeza, Balotelli kaanguka kampa Agüero, Agüero kampita beki, kainua mguu... sasa pale tuonyeshwe basi la United linatoka Sunderland? Ungekubali?

Maalim_Benchi

Nisingekubali. Hapo nimekuelewa.

KarafuuMbichi

Ila na weye si ungekuja Gombani tu, toka Konde gari zipo.

MtuWaKonde

Nimuache mzee na nani? Nimeshaandika hapo juu miguu haimchukui, soma.

FundiRimoti

Mie basi nililiona vizuri. Limeoshwa. Dereva yule anajua kazi, rivasi moja tu kaingia.

MtuWaKonde

Weye usinikasirishe.

BiMtambile

Nyinyi wanaume mna kelele, dakika moja mmekosa mmejaza ukurasa. Tamthilia yetu ya saa mbili usiku wanaikata kila kukiwa na mechi, tena si mechi, UCHAMBUZI wa mechi. Wanaume wanne wamevaa suti wamekaa mezani wanaeleza mpira ambao ushachezwa na kila mtu kauona! Juzi binti kafungua barua ndo anataka kuisoma tujue mtoto wa nani, wakakata, suti nne zikatokea. Mpaka leo sijui mtoto wa nani.

Wete_Ndio_Kwetu

Mtoto wa mjomba wake, dada. Marudio yalikuwepo saa sita usiku.

BiMtambile

Saa sita usiku mie nna watoto wa madrasa asubuhi niamke nakaa kuangalia TV? Na ungesema "tahadhari" kwanza, ushaniharibia!

PandeZaMicheweni

Hakuna anaesema mchezo wa ng'ombe. Uwanja unajaa mpaka watu wanapanda miembe, ngoma, akina mama wanaimba, na hakuna chaneli hata moja inakuja. Lakini watatuonyesha watu wanavuta gofu huko hata hatujui wamegombana nini.

Mjukuu_wa_Ngambo

Gofu haivutwi babu inapigwa.

PandeZaMicheweni

Vyovyote. Sijawahi kuona mtu Micheweni anaishabikia.

Kigoli_cha_Mchana

Sare ile jamani? Mie nilisikia kafunga lakini refa akarudisha kwa sababu wenzake waliingia boksi kabla hajapiga, aliporudia ndo kapaisha.

KarafuuMbichi

Nani kakwambia? Hakurudia mtu pale.

Wete_Ndio_Kwetu

Mwamba. Nimemaliza.

MtuWaKonde

Matokeo matatu sasa! Penati moja! Kamera ilikuwa mbele ya mpira!

Shangani_Pwani

Zanzibar hii TV ya rangi tulikuwa nayo miaka ya 70 bara hawana hata ya nyeusi na nyeupe, leo tunaomba tuonyeshwe penati yetu wenyewe. Mechi za ligi yetu zirushwe na sisi wenyewe kwa chaneli yetu wenyewe mwanzo mpaka mwisho, tusimuombe mtu.

DeleDele

Na umeme ukikatika je? Jana kwetu kipindi cha pili chote kiza.

Mwananchi_Mkoani

Kwetu umekatika toka saa tisa. Samaki wote nimewatoa friza nimegawa mtaani.

BiMtambile

Mkoani sehemu gani? Maana hapa Mtambile unawaka unazima unawaka unazima, friji langu lishaanza kutoa mlio.

Mwananchi_Mkoani

Karibu na bandari. Zima kabisa dada chomoa, langu la kwanza lilianza hivo hivo kwa mlio, fundi kasema kompresa.

BiMtambile

Kompresa bei gani sasa hivi?

FundiRimoti

Bei inategemea na friji, nipigie picha ya nyuma nitakwambia. Na nna king'amuzi na dishi nauza, cha mtu alohama, kizima kabisa hakina tatizo.

Kigoli_cha_Mchana

Rimoti yake ipo?

FundiRimoti

Ipo ila kitufe cha kubadilisha chaneli lazima ubonyeze kwa nguvu.