Msaada: gesti ya kulala na mama karibu na eapoti ya Dar, ndege saa tisa usiku

Mwalimu wa Matogoro

Wakuu, habari za jioni. Niko Songea. Dar nimefika mara mbili tu maishani, na zote nilifikia kwa shangazi Mbagala, ambaye sasa kahamia Lindi. Nampeleka mama India kwa matibabu ya goti. Ana miaka 71, anatembea na fimbo, ngazi haziwezi.

Tiketi yetu inasema Jumanne tarehe 14 Aprili, 03:40, Terminali 3. Mpango wangu ni huu: Jumatatu alfajiri tunapanda basi, usiku tunashuka stendi ya Magufuli pale Mbezi, tunachukua gesti karibu na uwanja. Jumanne tunashinda tumepumzika, usiku ukifika tunakwenda zetu.

Kwenye intaneti nimeona gesti tatu zimeandikwa "dakika tano kutoka eapoti". Moja wanataka nitume hela yote sasa hivi ndipo wanishikie chumba. Uwezo wangu usizidi elfu hamsini kwa usiku. Mama ni mtu wa swala, kwa hiyo sehemu yenye baa hapana. Naombeni maeneo na tahadhari.

Kijana wa Sinza

Kwani si mlale hukohuko uwanjani? Viti vipo, hela mnaokoa.

Binti Gerezani

Mwalimu, mbona unang'ang'ania karibu na uwanja? Kariakoo gesti zimejaa kila mtaa, chakula kipo mpaka usiku wa manane, misikiti usiseme. Kutoka mjini mpaka eapoti ni kilomita kama kumi na mbili. Mchana utazila kwa saa nzima na zaidi, lakini saa tano za usiku Barabara ya Nyerere imelala, dakika ishirini umefika. Mume wangu anafuata mzigo China kila baada ya miezi michache na hajawahi kulala Kipawa, huko jirani na uwanja, hata siku moja.

Kasoro ni ngazi. Gesti nyingi za Kariakoo ni ghorofa na lifti ni ya kuhadithiwa. Uliza kwanza.

Baba Karakata

Mwalimu, nakujibu kama mtu aliyeendesha bajaji kijiwe cha Banana miaka tisa, na sasa nina duka Karakata. Ndege zinanipitia juu ya bati kila siku. Gesti tutazifikia. Kwanza isome upya hiyo tiketi.

03:40 ya Jumanne ni saa tisa na dakika arobaini, usiku wa KUAMKIA Jumanne. Siku ya tiketi inageuka saa sita usiku, haingoji adhana ya alfajiri. Kwa mpango wako, saa wenzenu wanapima mizigo ndipo ninyi mnashusha mabegi Mbezi. Jumanne mtaamka, mtakunywa chai na vitumbua, na ndege imeshakwenda.

Sikucheki. Mwaka 2022 nilimsindikiza mtoto wa dada yangu, tiketi ya 02:15 Ijumaa. Tukafika Ijumaa saa nne usiku, kasuka, kavaa koti la kuazima, ukoo mzima tumepiga picha nje ya jengo. Askari wa mlangoni akaitazama karatasi, akanitazama mimi: "Mzee, hii mbona ilikuwa ya usiku wa kuamkia leo?" Kubadilisha tiketi kulikula hela ambayo bajaji ilinipa kwa miezi miwili. Picha zile mpaka leo dada hataki kuziona.

Kwa hiyo Jumatatu saa sita usiku mama awe ameshaingia Terminali 3. Pandeni basi Jumamosi. Mtafika usiku, Jumapili anyooshe goti, na Jumatatu chumba mkilipie vilevile hata kama mtatoka saa tano za usiku. Gesti za huku zinadai chumba saa nne asubuhi. Kuna watu hujaribu kuokoa ule usiku wa mwisho, na mgonjwa anashinda kwenye kiti cha plastiki pale mapokezi, fukuto la Aprili, mvua inapiga, mbu wanaingia. (Kijana wa Sinza, hilo ndilo jibu lako pia. Ukifika miaka 71 uje utuambie habari za viti.)

Sasa maeneo. Neno "Airport" kwenye bango la gesti halina mwenyewe huku kwetu. Utalikuta mpaka Gongo la Mboto. Hizo dakika tano ni za kunguru. Kipunguni unaweza kuisoma namba ya ndege mkiani ikiwa inatua, lakini ukuta wa uwanja unakuzungusha mpaka barabara kuu ndipo urudi getini. Mimi ningetafuta kati ya uwanja na Banana, au pale Majumba Sita unapoingilia Segerea. Na isiache lami zaidi ya mita mia. Masika vichochoro vyetu vinageuka uji. Dereva atakwambia "nifuate barabarani", nawe una mama wa fimbo na mabegi mawili gizani.

Kutoka Mbezi, dereva anayejua njia akupitishe Malamba Mawili na Kinyerezi, unatokea Banana bila kuona Ubungo wala TAZARA.

Ukipiga simu gesti, usianze na bei ya kulala. Uliza hivi, kwa sauti ya kawaida: "Mapumziko shilingi ngapi?" Akikutajia papo hapo, shukuru, kata simu. Hiyo ni gesti ya wateja wa saa moja moja, milango inagongwa usiku kucha na singeli inatoka baa ya jirani. Akishangaa, endelea naye.

Halafu mwulize choo. Watu wanauliza kiyoyozi, wanauliza runinga, hawaulizi choo. Mama mwenye goti bovu hawezi cha kuchuchumaa, na gesti nyingi za bei yako ndicho walichonacho. Chumba kiwe cha chini. Uliza maji kama yanatoka bombani au ni ya ndoo. Uliza LUKU nani ananunua. Mimi nimewahi kulala sehemu umeme ukakata saa saba usiku, feni ikasimama, mhudumu akaniambia tajiri ndiye mwenye simu ya kununulia na tajiri amelala. Chandarua kikiwa na matundu, daini kingine hapohapo, msione haya.

Hela usitume yote. "Tuma kwa namba hii" umeshaisikia. Mwenye chumba kweli atakubali kidogo cha kushikia, mengine ukifika na kitambulisho mkononi, maana kitabu cha wageni lazima mwandikwe.

Na hili wageni hawalijui: kulala karibu sana kuna shida yake. Magari ya kuita kwa simu yapo, lakini usiku ule dereva akiona safari yenyewe ni ya kilomita mbili, anaghairi. Wa pili naye anaghairi. Patana na taksi mchana, ukiwa unamwona usoni, mkubaliane bei na saa, uchukue namba yake. Mwambie Terminali 3, usiseme "eapoti" peke yake. Hiyo ya tatu imefunguliwa 2019, na bado kuna madereva mazoea yao ni Terminali 2, ambako siku hizi ni safari za ndani. Bajaji itumie kwenda kufuata supu.

Kesho asubuhi piga simu shirika la ndege, omba kiti cha magurudumu kwa ajili ya mama. Hakilipiwi, ila kinaombwa mapema, si mlangoni.

Mwalimu wa Matogoro

Shikamoo Baba Karakata. Nimesoma mstari wa tatu nikakaa chini. Tiketi hii tumeisoma mimi, mume wangu na mdogo wangu aliyehitimu chuo, wote tukasema "Jumanne usiku". Mimi nafundisha hisabati.

Basi nimebadilisha, tunaondoka Jumamosi. Kiti cha magurudumu wameandika, wamesema tufike kaunta masaa matatu kabla ya ndege kuondoka.

Zile gesti tatu nimezipigia na swali lako. Ya kwanza alitaja bei kabla sijamaliza kuuliza. Ya pili, ile ya kutuma hela yote, alinipa bei na akaniuliza niko na nani. Ya tatu dada alinikemea: "Mama, hapa hatufanyi mambo hayo!" Nikafurahi, nikamwomba radhi, nikamweleza. Chumba cha chini kipo, elfu arobaini, jirani na msikiti. Lakini choo ni cha kuchuchumaa.

Binti Gerezani

Hahaha, "uko na nani". Pole mwalimu, na kwa ile ya Jumanne naomba nifute kauli, mimi nilirukia gesti sikuona hata tarehe.

Baba Karakata

Marahaba mwanangu. Huyo dada aliyekukemea usimwache, mtu wa hivyo hatamwamsha mama yako kwa makelele. Mwulize kama nyumba ina choo kingine cha kukaa, mara nyingi kipo upande wa mwenye nyumba. Kama hakuna, fundi wa Banana anatoboa kiti cha plastiki kile kizito, anasugua kingo kwa msasa, kinakaa juu ya tundu. Tulimfanyia hivyo bibi yetu, alikitumia miaka. Kiti ununue chenye mikono, aweze kujiinua.

Mwalimu wa Matogoro

Nimempigia tena. Upande wa mwenye nyumba kipo, na amesema mama atapewa ufunguo. Ameniuliza anakula nini asubuhi. Nimemtumia elfu kumi ya kushikia.

Baba Karakata

Hapo sawa. Mkivuka Chalinze andika humu, nitamwambia kijana wangu wa taksi awe Mbezi. Bei mtapatana wenyewe, na usikubali ya kwanza kwa sababu ni kijana wangu.