Naomba ushauri: Qualcomm au Intel kwa mwekezaji aliye Tanzania?

Wakuu, naomba mawazo ya wanaofuatilia soko la Marekani. Mtaji ni wa kukaa miaka mitano au zaidi.

Qualcomm inauza chipu na kutoza leseni za hataza zake; leseni ni sehemu ndogo ya mauzo ila faida yake ni nono. Hofu yangu ni Apple, mteja wake wa modemu (chipu za kuunganisha simu na mtandao), iliyotoa iPhone 16e Februari 2025 ikiwa na modemu yake yenyewe, C1. Je, chipu zake za Snapdragon X za kompyuta mpakato, zilizoingia sokoni 2024, zitaziba pengo? Naona bado: programu nyingi za Windows ziliandikwa kwa x86 (muundo wa chipu za Intel na AMD, tofauti na wa Snapdragon), na draiva za printa za zamani hugoma kabisa.

Intel nayo Apple ilianza kuihama 2020 kwenye kompyuta zake za Mac, na gawio lilisitishwa kuanzia robo ya mwisho ya 2024. Microsoft kuacha kuihudumia Windows 10 Oktoba 2025 kunauza mashine mpya, lakini msukumo huo ni wa mara moja.

Halafu kodi. Tanzania haina mkataba wa kodi na Marekani, hivyo gawio hukatwa 30% hata ukijaza W-8BEN (fomu ya kodi ya Marekani kwa mwekezaji wa nje): kwenye dola 100 unabaki na 70. Mfuko wa uwekezaji uliosajiliwa Ireland, nchi yenye mkataba huo, hukatwa 15% tu kwa hisa hizohizo.

Kwa mtaji mdogo, huo mfuko unalipa kweli baada ya ada ya dalali na ya kubadili fedha? Na kwa Qualcomm, mnaangalia kwanza mauzo ya simu au ya magari na vifaa vya nyumbani?